Kwa Nini Bibi Humwotesha Mjukuu Jua la Asubuhi

Zamani hizo, watoto wachanga mnaowaona wakigaagaa uani bila nguo, msingewaona. Watu wa mlimani waliogopa jicho la hasidi kuliko chui. Mtoto akizaliwa alifichwa chumba cha ndani kisicho na dirisha, na sheria ilikuwa moja tu: hatoki mpaka atembee kwa miguu yake mwenyewe. Wengi walitambaa hadi mlangoni, wakaiba jua kidogo kidogo, wakakua. Ila si Makapi.

Makapi alikuwa mtoto wa Sikudhani, mke wa Mdoe. Sikudhani alikuwa amezika watoto kabla yake, ndiyo maana huyu akapewa jina la kudharaulika, ili kifo kimpuuze. Mama mkwe wake, Bibi Nangoma, alimfungia hasa: ngozi mlangoni, na juu ya ngozi jamvi. Mtoto alinyonya, alilishwa, alibembelezwa, lakini wapi! Meno yalichelewa. Kichwa kilitoka jasho hata wakati wa baridi, na miguu ikapinda kama upinde. Akisimamishwa alilia. Wa rika lake walikuwa wanakimbiza kuku.

Hatoki mpaka atembee, na hatembei kwa sababu hatoki. Nani angelijua? Wazee wa ukoo walisema huo ni mkosi, wakaamua kwamba mavuno yakiisha na mtoto hajasimama, atapelekwa msituni akaachwe huko. Sikudhani aliyasikia hayo akipepeta mtama, ungo ukamponyoka.

Basi mchwa, wadudu hao hao tunaowalaani, wakala paa. Upepo ulipovuma, nyasi zikaporomoka juu ya chumba cha ndani, na jua la asubuhi likaanguka sakafuni. Makapi alijiburura akalala palipo na mwanga. Mwanga ukisogea, naye akasogea. Bibi Nangoma aliona tundu hilo, akamwamuru mwanawe alizibe kwa majani ya mgomba, na Mdoe akaziba. Lakini Mdoe akishaondoka kwenda shamba, Sikudhani hupanda juu ya kinu akayavuta majani, na jioni huyarudisha. Kumpinga mkwe si mchezo. Hata hivyo mtoto alikuwa halii tena akiguswa miguu, na hilo lilimtosha.

Mavuno yalipokaribia kwisha, Bibi Nangoma akamfumania juu ya kinu.

"Unataka kuniulia mjukuu?"

"Mama, mshike miguu kwanza, kisha unifukuze," Sikudhani akasema.

Bibi aliinama amwondoe mtoto juani. Makapi akang'ang'ania vazi lake, akajivuta, akasimama. Magoti yalikuwa bado yameachana, lakini alisimama, tena akainua mguu. Bibi Nangoma alikaa chini akalia kwa sauti, hata majirani wakaja mbio wakidhani kuna msiba. Wakamkuta analia na kucheka, mjukuu kamning'inia shingoni.

Wazee walipokuja kumchukua mtoto, aliyewapokea uani alikuwa Makapi mwenyewe, na matege yake, akiwaendea hatua kwa hatua. Wakatazamana, wakaomba maji ya kunywa, wakazungumzia mvua. Walipoondoka, Sikudhani alijilaza kivulini akalala usingizi mzito, usingizi ambao hakuwa ameupata tangu ajifungue. Miguu ya mwanawe ilinyooka kadiri alivyokua.

Siku hizi wauguzi wa kliniki wanasema ngozi ikipigwa na jua hutengeneza vitamini D, na mwili ukiikosa mifupa hulegea, ikapinda. Sawa, kila kitu kina jina lake. Bibi Nangoma hakujua jina, alijua alichokiona.

Sikudhani alipojifungua tena, Bibi Nangoma alifika kabla hajaitwa, mafuta ya nyonyo mkononi.

"Makapi nilimfungia mimi," akamwambia mkwewe. "Huyu nitamtoa mimi."

Na tangu siku hiyo, kukipambazuka vizuri, bibi humpaka mjukuu mafuta na kumlaza mapajani juani, bila nguo. Mama akija kumtaka mtoto, huambiwa arudi jikoni angoje.