Fisi Aliyesindikiza Wagonjwa

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakiuguzana kama ndugu, Bibi Ndovu alifungua kimbilio la wagonjwa katikati ya bustani kubwa ya miti. Aliyevunjika, aliyeungua, aliyenaswa mtegoni, wote walipokelewa. Desturi ilikuwa moja: ukipona unapanda mche mmoja bustanini, halafu unasindikizwa hadi mpakani, maana mgeni hatolewi mlangoni kama mwizi.

Kazi zote zilifanywa na wanyama wa kujitolea. Sange, yule mdogo mwenye pua ndefu, alifagia vijia kutwa nzima, chwa, chwa, chwa. Lakini aliyesifiwa ni Fisi. Jamani, Fisi alijituma! Aliosha vidonda vyenye usaha ambavyo wenzake walivipita wameziba pua. Aliwalisha wagonjwa kwa mkono wake, akiwaambia wale vizuri ili warudishe mwili. Na kusindikiza wageni alisema ni kazi yake peke yake, wengine wapumzike.

Mnacheka? Ngojeni kwanza.

Siku moja alikuja Swala dume kumwulizia mkewe. Fisi akampa kiti, akamwambia kwamba mama aliondoka mzima siku nane zilizopita, labda amepatwa na mambo njiani. Akamlilia na machozi. Wiki iliyofuata akaja Ngiri kumwulizia dadake, na jibu likawa lile lile.

Sange alisikia yote, ufagio mkononi. Akaitazama miti saba ya nyuma, ile ambayo Fisi aliwachimbia wageni wake mashimo ya kuipanda. Haikuwahi kutiwa samadi, lakini ilinawiri kuliko miti yote bustanini.

Akaenda kumweleza Bibi Ndovu. Aliambulia matusi.

"Wewe unashika ufagio, mwenzako anashika usaha," Bibi alimwambia. "Wivu wako upeleke kwingine."

Na kesho yake jioni ilikuwa zamu ya Kwale kurudi kwao. Kwale alikuwa shoga wa Sange. Bawa lake lilikuwa limepona, na nyumbani aliacha makinda manne. Fisi alikwishamwambia ajiandae.

Asubuhi ya siku hiyo Sange akamfuata Fisi alikokuwa akiosha mabakuli. Akamwambia, kama mtu anayepiga soga tu, kwamba mchwa wameingia kwenye mizizi ya miti ya nyuma, na kwamba alasiri Bibi Ndovu ataing'oa yote kwa mkonga wake.

Bakuli likamponyoka Fisi.

"Yote saba?"

"Yote. Wewe pumzika tu, kaka, umechoka."

"Bibi asijisumbue," Fisi akasema. "Nitaing'oa mwenyewe."

Mchana, jua la utosi, wagonjwa wote wamelala, ikasikika kule nyuma: fuku, fuku, fuku. Sange akakimbia kwa Bibi Ndovu. Safari hii hakushtaki mtu. Alimwambia aje amwone mjitoleaji wake hodari, anayefanya kazi hata saa ya kupumzika. Bibi akafurahi, akanyanyuka kwenda kumshukuru.

Alimkuta Fisi ndani ya shimo hadi kiunoni, na pembeni yake rundo la mifupa.

Fisi hakukimbia. Alianza kulia. Alisema wagonjwa wale walimfia mikononi, akaona haya kumpa Bibi habari mbaya, akawazika kwa huruma. Alilia vizuri sana, watoto wangu, hata mimi ningemwamini. Macho ya Bibi Ndovu yakajaa machozi.

Kisha Bibi akaokota mfupa mmoja kwa mkonga, akaupapasa taratibu, juu na chini. Ulikuwa mfupa wa mguu wa mke wa Swala. Alikuwa ameufunga banzi yeye mwenyewe, na pale ulipovunjika palikuwa pameunga, hapana hata ufa.

"Huyu alikuwa amepona," Bibi akasema. "Huyu alikuwa anakwenda kwao."

Fisi akafuta machozi. Aliona hakuna faida tena ya kulia.

"Sasa ulitaka nimle mgonjwa, Bibi?" akasema. "Mgonjwa ana nyama gani?"

Bibi Ndovu akaweka mguu wake mle shimoni. Puu. Mara moja tu.

Halafu akakaa chini katikati ya ile mifupa, akaanza kuipapasa mmoja mmoja na kutaja majina. Jioni ilimkuta hapo hapo. Sange alisimama kando yake, asijivunie lolote, maana kusema ukweli hakukumfufua hata mmoja. Kwale aliwaaga kwa mbali, akaenda zake kwa miguu yake, akakataa kusindikizwa na yeyote.

Basi wanangu, anayekutunza bila malipo mshukuru, lakini ujue anakutunzia nini.