Sokanon Amzungushia Gavana Uzio

Hapo zamani, ng'ambo ya bahari kuu, katika nchi ya Amerika ambayo Wazungu husema waliigundua ilhali waliwakuta watu wakichota maji, palikuwa na mto wenye samaki wengi, na kandokando yake waliishi watu waliojiita Watu wa Mto. Miongoni mwao alikuwako mwanamke mmoja, jina lake Sokanon, hana mbele wala nyuma, ila kishamba cha mahindi na mikono hodari ya kusuka uzio wa matete, ule unaosimamishwa mtoni kunasa samaki. Wenziwe walimwona punguani, kwa sababu kila aliloambiwa alilishika vile vile lilivyosemwa. Ukimwambia akungoje hapo, basi ukirudi kesho kutwa utamkuta hapo hapo, tena amenuna.

Basi ikawa siku moja merikebu ikatia nanga, akashuka Gavana Obadia Trask na watu wake, wamekonda, mbavu zahesabika. Majira ya baridi yakawakuta hawana akiba. Watu wa Mto wakawapa mahindi, na Gavana mwenyewe akala maharage ya Sokanon mpaka akalamba bakuli. Magogo waliyoyakata ili wajenge boma waliyachoma wakiota moto, na tangu hapo kila mwaka Gavana husema boma litajengwa mwakani. Baadaye wakanenepa wao, wakanenepa na nguruwe wao, ambao walizurura wakifukua mashamba ya wenyeji. Ikaja na ndui iliyoshuka merikebuni, ikafagia nusu ya kijiji, na mume wa Sokanon akiwa mmoja wao. Akamzika kando ya shamba lake. Gavana alipoziona nyumba tupu alimshukuru Mungu kwa kumsafishia nchi, na alisema hivyo kwa kinywa kile kile kilicholamba bakuli.

Asubuhi moja ya Jumatano, Sokanon alikuwa kinamasini akikata matete, akasikia ngoma. Akachungulia, akamwona Gavana amesimama ukingoni mwa msitu, karani wake kando, anaisomea miti tangazo kwa lugha ya kwao.

"Ardhi isiyo na uzio haina mwenyewe, nayo ni mali yangu. Iliyo na uzio ni ya aliyeuweka. Atakayevunja uzio wa mwenziwe atachapwa viboko thelathini hadharani. Sheria hii itaanza Jumapili, saa sita mchana. Je, yuko mwenye neno?"

Akauliza mara tatu. Miti haikuwa na neno.

"Andika," akamwambia karani, "kwamba wenyeji wameridhika."

Sokanon alikuwa amewauzia wageni hao samaki miaka saba, na lugha yao aliijua kuliko walivyodhani. Akakimbia kwa Mzee Wuttamon, mkuu wa kijiji, akamweleza yote. Mzee akashika kichwa.

"Binti yangu, nchi yetu mtu huitembea siku mbili. Kwa siku nne tutaizungushia uzio gani? Hata tukiumaliza msitu hatutafika nusu. Tena tuyafungie mashamba kwa nini? Mahindi hayatoroki."

"Baba, nipe ruhusa nikamwulize Gavana," akasema Sokanon. "Huenda sikumwelewa."

Akachukua samaki watatu, akaenda. Akamkuta Gavana kibarazani na watu wake, karani yuko mezani na kalamu yake. Sokanon akaweka samaki chini, akainama.

"Bwana Gavana, mimi ni mwanamke mjinga. Shamba langu halina uzio, lakini mume wangu amelala pale. Je, naye hana mwenyewe?"

"Sheria haijui makaburi," akajibu Gavana. "Sheria yajua uzio."

"Na uzio huo, Bwana, uwe wa nini?"

Gavana akawakonyeza watu wake. "Hata uwe wa majani, mama, mradi uzunguke."

"Na ikiwa ndani yake mna watu?"

Hapo Gavana akafurahi, maana alikuwa akiwafikiria Watu wa Mto watakaobaki ndani ya uzio wake. Akasema, "Watu wakikutwa ndani ya uzio wa mtu, hao ni wapangaji wake. Watakaa kwa radhi yake, na watatoka kwa radhi yake."

"Nitasahau, Bwana. Mimi sina akili. Naomba iandikwe."

Kibaraza kizima kikaangua kicheko. Gavana, kwa kunogewa na mzaha wake mwenyewe, akaamuru iandikwe, akapiga na muhuri. Sokanon akashukuru, akaenda zake, na samaki wakakaangwa.

Jumapili ikafika. Wageni wote, pamoja na askari wao, wakaingia kanisani, na mhubiri wao alikuwa mtu ambaye akianza na Adamu haruki hata mjukuu mmoja. Basi Watu wa Mto, waliosalia wote, wake kwa waume, wakang'oa uzio wao wa samaki mtoni, wakaukunja mfano wa mikeka, wakaubeba mabegani. Kazi ile waliijua tangu utotoni. Mhubiri hajamfikisha Nuhu kwenye safina, uzio wa matete ulikuwa umezunguka nyumba za wageni, na kanisa, na kisima, na banda la nguruwe. Wakaacha mlango mmoja tu, mwembamba, kama ule waachiao samaki. Sokanon akapiga sufuria mara tatu, akazitangazia nyumba kwa lugha ya Watu wa Mto kwamba sasa ni mali yake, akauliza kama yuko mwenye neno. Nguruwe mmoja akaguna. Halikuhesabiwa kuwa neno, kwa kuwa hakuguna kwa lugha ya Watu wa Mto.

Saa saba wageni wakatoka kanisani, wakamkuta Sokanon ameketi mlangoni pa uzio, karatasi yenye muhuri magotini.

"Nini hii?" akanguruma Gavana.

"Uzio, Bwana. Msiwe na hofu, wapangaji wangu. Leo sitamfukuza mtu."

"Ung'oeni!" Askari mmoja akainua shoka. Karani akakohoa, akasema polepole, "Viboko thelathini, Bwana. Hadharani." Askari akautazama uzio, akautazama mgongo wake kwa mawazo, akaliteremsha shoka.

Uso wa Gavana ukaiva. "Mwanamke mwizi! Uzio huu umeuleta leo! Sisi tulikuwa hapa kabla ya uzio wako! Nyumba hii nimeijenga, bustani ile nimeilima, mke wangu nimemzika pale! Kipande cha matete kitaniondoaje mahali nilipozika?"

Sokanon hakucheka, wala hakufurahi, maana alimkumbuka mumewe.

"Bwana karani, umeyaandika?"

"Nimeyaandika, mama."

"Basi msomee tena taratibu. Miaka saba tunayatafuta maneno hayo kwa lugha yenu, leo ameyasema yeye."

Karani akasoma. Gavana akayasikia maneno yake mwenyewe, akainamisha kichwa mbele ya mkewe wa pili, na mhubiri, na askari wake. Akaitisha muhuri. Sheria ikafutwa papo hapo, na pakaandikwa kwamba wa kufungiwa ni nguruwe. Uzio ukakunjwa ukarudishwa mtoni, kwa kuwa samaki walikuwa njiani, na vuli ile Sokanon alivuna mahindi yake kando ya kaburi la mumewe.

Najua mtaniuliza yaliyofuata. Gavana wa pili alikuja na mizinga, hakuja na karani, na kisa chake hakina mahali pa kucheka. Mimi leo nilitaka kumcheka huyu wa kwanza. Hekaya yangu imeishia hapa: mwenye kuitaka na aichukue, ila asiizungushie uzio.