Mpangaji wa Ambakisye

Isome hadithi hii taratibu, kisha mpelekee mtu wako anayeishi na ugonjwa wa muda mrefu.

Ambakisye alikuwa na mashine ya kusaga nafaka, na alikuwa na baridi yabisi. Vyote viwili alikuwa navyo tangu ujana. Nyumbani kwake ugonjwa ule ulikuwa umepewa jina: Mpangaji. Akiamka amekakamaa, watoto walinong'onezana kwamba Mpangaji yuko macho, na hakuna aliyeshtuka.

Ubaya wa jina lile ni kwamba lilimeza kila kitu. Kichwa kikimgonga, ni Mpangaji. Akikosa hamu ya kula, ni Mpangaji.

Msimu wa mahindi, shavu la mguu wake wa kushoto lilivimba na kupata moto. Mkewe, Tusekile, alimsihi aende hospitali. Ambakisye alikataa. Wateja walikuwa wengi, na alikuwa amechoka kuonekana mtu wa kulalamika kila mara. Alisema jirani yao atakuja jioni kumchua kwa mafuta, maumivu yatakwisha.

"Baba Lusajo, mguu mmoja umekuwa mnene kuliko mwenzake," Tusekile alisema.

"Ni Mpangaji tu, Mama Lusajo. Mimi na yeye tunajuana."

Akachechemea kwenda kazini. Tusekile akamfuata na chai. Alihofia kumpoteza mume huku wote wakisema ni kawaida yake.

Mashine ilikuwa inanguruma kama siku zote, na foleni ya wanawake ilifika nje. Ghafla Ambakisye akaizima.

Mwanamke mmoja akamtania, "Shemeji, umetuzimia ili tuisikie njaa vizuri?" Wengine wakacheka, wakasema mashine ile haijawahi kunyamaza, kelele ni zile zile.

"Kelele zake nazijua," Ambakisye alijibu. "Hii ni ngeni."

Akafungua kifuniko. Mkanda ulikuwa umeanza kuchanika pembeni. Ungekatika ukiwa unazunguka, ungemjeruhi mtu.

Tusekile akaweka chupa ya chai chini.

"Mashine inanguruma siku zote, lakini sauti ikibadilika unazima. Na wewe unaumwa siku zote. Mbona mguu ukibadilika huzimi?"

Ambakisye akautazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Mpangaji wake hushika magoti yote mawili, na jua likipanda hulegeza. Huyu ameshika upande mmoja, tena chini ya goti, na mchana wote hatoki.

Akafunga mlango wa chumba cha mashine. Jirani wa mafuta akaambiwa asije.

Njia nzima ya kwenda hospitali alikuwa akiogopa kuchekwa. Daktari hakucheka. Alimuuliza jambo moja tu kwanza: maumivu haya yana tofauti gani na yale uliyoyazoea? Ambakisye akaeleza kama anavyoieleza mashine yake, sehemu kwa sehemu. Daktari akaagiza kipimo cha picha siku hiyo hiyo.

Damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa wa mguu. Daktari alieleza kwamba bonge lile lingeweza kung'oka na kupanda hadi kwenye mapafu, na kwamba kuuchua mguu kungeweza kulisukuma. Lakini halijasogea, na dawa yake ipo.

"Umewahi, mzee. Utapona."

Ambakisye akashusha pumzi. "Na ingekuwa si kitu, si ningekuwa nimekusumbua bure?"

"Ningekuambia si kitu, ukarudi ukalala vizuri. Hilo nalo ni tiba."

Alitibiwa, uvimbe ukashuka, na mashine ikanguruma tena ikiwa na mkanda mpya.

Asubuhi moja ya baridi Tusekile alimsikia akiguna kitandani. Akasimama mlangoni, mkono kifuani.

"Ni wapi?"

Ambakisye akajipapasa taratibu, goti la kulia, kisha la kushoto. Yote mawili yalikuwa yamekaza, kama alivyoyajua miaka yote. Akaanza kucheka, na mkewe akacheka kwa kumwona anacheka.

"Tulia, mke wangu. Leo ni Mpangaji mwenyewe."

Funzo: Kuzoea ugonjwa wako kukusaidie kutambua kilicho kigeni. Dalili mpya usiibandike jina la zamani. Mpelekee daktari, mwambie kilichobadilika.