Bwana Endapo na Bamba la Chuma

Mtaani kote fundi cherehani huyu alijulikana kwa jina la Bwana Endapo. Wateja ndio waliombandika jina hilo, maana hakushona suruali bila kuiachia upindo mpana "endapo utanenepa", wala hakutia kifungo bila kuweka kingine mfukoni "endapo hicho kitadondoka". Watu walimcheka, naye akacheka nao. Hata hivyo, tangu mkewe alipokwama milimani, kicheko kilimkauka kinywani.

Mkewe alikuwa daktari wa mifugo. Kazi yake ilimpeleka kwenye mazizi ya mbali, na alikwenda huko kwa pikapu ya magurudumu manne, akiendesha mwenyewe. Mwezi uliopita jiwe lilitoboa sampo, lile bakuli la oili lililo chini ya injini. Oili yote ilimwagika, gari likazima, na daktari akakaa siku mbili mahali pasipo na mtandao wa simu. Aliporudi, akiwa amepakiwa kwenye trekta la mkulima, alisimulia mkasa huo kama kichekesho. Mumewe hakucheka. Tangu siku hiyo, kila alipoona jiwe barabarani alilitazama kama anayetazama nyoka.

Sampo mpya ilipofungwa, alilipeleka gari kwa fundi wa kuchomelea, mwanamke mmoja wa makamo aliyeitwa Mama Cheche. Kabla hata hajasalimiwa vizuri, Bwana Endapo alikwisha kujipenyeza chini ya gari na futi yake ya kitambaa, akipima tumbo la pikapu kama anayempima bwana harusi. Alitoka na vumbi hadi kwenye kope, akakunjua karatasi aliyoichora nyumbani.

"Nataka bamba moja," alisema. "Lianzie kwenye bampa, liishie kwenye ekseli ya nyuma. Lisiwe na upenyo hata wa sindano. Halafu ulichomelee moja kwa moja kwenye chesisi."

Mama Cheche aliigeuza karatasi huku na huku. "Shemeji, hili ni jeneza, si bamba. Mimi nitakutengenezea la milimita nne, likinge injini na giaboksi. Nitalifunga kwa bolti ili lifunguke kwa spana. Na nitatoboa matundu."

"Matundu? Mama Cheche, mimi nimekuja kuziba, wewe unaniambia kutoboa!"

"Gari nalo linapumua, shemeji. Tundu hili ni la kumwagia oili. Haya ya pembeni yanatoa joto, tope na nyasi. Ukiliziba lote, mawe yatabaki nje, sawa, lakini shida zitabaki ndani. Huko nyuma chini ya ekzosi usiweke kitu kabisa. Lile bomba huwa moto kama pasi yako."

Daktari, aliyekuwa amesimama kando akila karanga, alisema, "Mfuate fundi, mume wangu. Wewe wa nguo, yeye wa chuma." Mambo yakaisha hivyo. Baada ya siku tatu bamba lilifungwa, likakaa kama kucha kwenye kidole. Daktari alilipiga teke, likaitika kwa sauti nene, akaridhika.

Bwana Endapo hakuridhika. Kila alipoinama chini ya gari aliyaona yale matundu yakimtolea macho. Endapo kijiti kitachomoka na kupenya pale? Endapo jiwe litarukia huko nyuma palipoachwa wazi? Akishona mashati, mawazo yalimtoka kitambaani yakaenda kwenye gari, mpaka siku moja akashonea mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia. Ndipo alipoamua.

Jumamosi mchana mkewe aliliacha gari nyumbani, akaenda kumuuguza dada yake. Bwana Endapo akaazima drili kwa jirani, akatafuta bati jipya. Alikata viraka kwa ustadi wa fundi nguo, akaziba matundu yote na kuvikaza viraka kwa ribiti, zile pini za chuma zisizo na nati ya kufungua. Kisha akatandaza bati refu chini ya ekzosi hadi nyuma, nalo akalipiga ribiti pande zote. Alipomaliza, tumbo la gari lilikuwa limefungwa kama shuka lililochomekewa. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alishusha pumzi. Mkewe aliporudi, hakumwambia kitu. "Atapiga kelele bure," alijisemea. "Siku bati litakapomwokoa, atanishukuru."

Siku tano baadaye, daktari alikuwa na safari ya kuchanja mbuzi wa wafugaji wa kilimani. Ugonjwa wa mapafu ulikwisha kuua mifugo katika bonde la pili, na wafugaji walikuwa wamekusanya mbuzi mia tatu wakimsubiri. Bwana Endapo alifunga kibanda chake akaomba kwenda naye, mtungi wa kuzimia moto ukiwa mapajani pake. Endapo.

Njia ilipita katikati ya nyasi kavu zilizofika kwenye boneti. Jiwe la kwanza liligonga bamba, gongo! Gari likapita bila jeraha. Mume akatabasamu. Walitambaa kwa gia ndogo saa nzima, nyasi zikikwaruza chini ya gari kama panya darini. Kisha daktari akakunja pua.

"Unasikia harufu?"

"Watakuwa wanachoma mashamba," mumewe alijibu upesi mno.

Alijua hakuna shamba huko. Alikumbuka neno la Mama Cheche kuhusu bomba lenye moto kama pasi. Aliutazama mshale wa joto ukipanda polepole, akamtazama mkewe, akatazama tena mshale. Dakika tano zilipita hivyo. Moshi mwembamba ulipochungulia kando ya mlango wake, ndipo sauti ilipomtoka kama ya mtoto aliyevunja chungu.

"Simamisha gari, mke wangu! Nimeziba matundu. Nimetia bati chini ya ekzosi."

Daktari alitazama nyasi pande zote. Alijua akisimama pale nyasini, kilima chote kitaungua. Alikanyaga mafuta, akaliteremsha gari hadi kwenye mkondo mkavu wa mto uliojaa mawe matupu, akazima injini na kuruka nje. Nyasi zilizoingia kwa mbele na kujisokota juu ya bati zilikuwa zinawaka.

Bwana Endapo alimwaga mtungi wote wa kuzimia moto, lakini unga ulilipiga bati ukarudi kumpaka uso. Moto ulikuwa upande wa pili. Alishika spana, lakini ribiti haijui spana. Mkewe akachomoa mtaimbo nyuma ya viti, akamtupia. Mumewe alilala chali juu ya mawe, akaingiza ncha, akavuta. Ribiti ya kwanza ilikatika, kisha ya pili. Bati lilimchana viganja, makaa yakamdondokea begani, naye hakuacha. Upande mmoja ulipoanguka, majivu mekundu yakamwagika.

"Maji!" alipiga kelele.

Madumu yao ya kunywa yaliisha mara moja, na moto ukaanza kulamba nyaya. Daktari alilitazama kasha lenye barafu ya kupoza chanjo. Akalifungua. Alimimina maji yote ya barafu iliyoyeyuka chini ya gari, akayatupa na mapande ya barafu yaliyobaki juu ya makaa. Mvuke ulipanda kwa mlio mrefu. Moto ukazimika.

Gari lilipona. Nyaya mbili za taa na mpira mmoja wa breki viliungua. Lakini kwa jua lile, chupa za chanjo, sasa bila barafu, zilikuwa zimeharibika. Daktari aliketi juu ya jiwe, uso mweusi kwa masizi.

"Matundu yale yalikufanya nini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nilikuogopea."

"Najua. Hilo ndilo linalonitia uchungu." Alifunga viganja vya mumewe kwa kitambaa cha kichwani, taratibu, kisha akaonyesha kwa kidevu kuelekea juu. "Zizi liko nyuma ya kile kilima. Wanangoja tangu alfajiri. Utakwenda wewe ukawaambie."

Alipanda kilima peke yake. Upande wa pili aliwakuta wanaume, wanawake na mbuzi mia tatu nyuma ya ua wa miiba. Mwanamke mmoja mnene alimkimbilia na kikombe cha maji, akidhani yeye ndiye daktari. Bwana Endapo hakukipokea. Alisimama mbele yao, akaeleza yote bila kupunguza: matundu, bati, dakika tano alizokaa kimya. Aliahidi chanjo nyingine kabla ya wiki kwisha, ingawa hakuna aliyejua kama ugonjwa ungesubiri. Hakuna aliyemtukana. Walianza kufungua ua na kuwatoa mbuzi mmoja mmoja, na hilo lilimuuma kuliko tusi.

Wiki haijaisha, chanjo ikaletwa. Mbuzi kumi na mmoja walikuwa wamekwisha kufa. Bwana Endapo aliwahesabu mwenyewe, akaelewa maana ya maneno aliyoyasikia tangu utotoni akiyadhani ni mzaha: akili nyingi huondoa maarifa.