Diski ya Marehemu Mbugua

Dirisha la ofisi ndogo ya Mungai na Kavindu, huko Muthangari, lilikuwa wazi, lakini jasho lilimtiririka Mungai kama mchukuzi wa magunia. Mezani palikuwa na diski ya marehemu Mbugua, mpiga picha wa Ngara aliyezikwa mwezi uliopita. Bintiye, Nyawira, aliketi kando, macho mekundu.

"Baba alipiga picha za watu wote, lakini yake hatuna hata moja ya maana," alisema. "Mama ndiye aliyekuwa akimpiga kwa kamera yake ndogo. Zote zimo humo. Kesho ni ibada ya kumkumbuka, na wachapishaji wa mjini wanafunga jioni."

Picha zilikuwa zimerundikana ovyo kama mitumba sokoni. Mungai hakupoteza wakati. Aliandika programu fupi ya kusoma tarehe ya kila picha na kuihamishia kwenye folda ya mwaka wake, ili kutafuta kuwe rahisi. Kidole kikawa tayari juu ya kitufe.

"Ngoja kwanza," Kavindu alisema kwa sauti yake ya chini. "Hizi hazina nakala popote. Acha programu ituambie itakachofanya kabla haijafanya."

"Aki Kavi! Wewe ukipewa ugali utaupima joto mpaka upoe."

"Lakini sitaungua ulimi."

Nyawira akacheka kidogo.

Kavindu aliondoa amri ya kuhamisha, akaweka ya kuonyesha tu: faili iko wapi, ilipigwa kwa kamera gani, na itakwenda wapi. Maandishi yakapanda kwenye skrini. Mungai akatazama saa, akatazama mlango, akauma midomo. Mara Kavindu akayasimamisha.

"Ona. Kamera zote mbili zilianza kuhesabu kutoka moja. Picha aliyopiga mzee na aliyopiga mama zina jina lile lile. Tofauti ni folda zinamokaa."

"Sasa?"

"Sasa tukizitia folda moja, ya pili itaifuta ya kwanza bila hata kubisha hodi. Wakija akina Ndungu wawili nyumbani kwako, utamfukuza mmoja kwa sababu jina limeshachukuliwa?"

Mungai aliyasoma yale maandishi tena. Katika programu yake, picha alizopiga mama ndizo zilizotangulia kuhamishwa. Zote zingefutwa.

"Ningemzika mzee mara ya pili," alinong'ona.

Kavindu hakumcheka. Aliunganisha jina la kila picha na jina la kamera yake, akaonyesha upya, akakagua mstari kwa mstari. Alipohakikisha kwamba hakuna mbili zinazoelekea mahali pamoja, ndipo alipoirudisha amri ya kuhamisha. Mungai alimtazama kama mtu amtazamaye fundi wa saa, akaogopa hata kukohoa.

Picha ikafunguka: Mbugua mlangoni pa jikoni, unga hadi kwenye nyusi, anacheka mpaka macho yamefumba.

"Baba!" Nyawira alilia na kucheka kwa pamoja. "Hii ni ile siku aliyounguza chapati zote!"

Nyawira aliwakuta wachapishaji wakishusha mlango. Walipoiona ile picha, wakauinua tena.

Siku ya ibada, mamake Nyawira, mjane Hannah, alisimama mbele ya picha ya mumewe, akampangusa unga wa nyusi kwa kidole. Mungai, akiwa kiti cha nyuma kando ya Kavindu, aliinamisha kichwa na kukiri moyoni: kawia ufike.