Uji wa Kihispania

Nakuja na ngano!
Njoo nayo!
Leo ina hasira!
Imwage tuione!

Wazazi wa wanyama walitaka Kihispania. Shule ya ng'ambo ya mto ina Kifaransa, walisema, sisi tuna nini? Fisi akajitokeza, akasema anakijua. Wakamkabidhi watoto, wakamkabidhi na sufuria ya uji wa asubuhi. Fisi na sufuria. Hata leo nikiwakumbuka wazazi wale nakasirika.

Kila asubuhi kengele inalia, ngo ngo ngo. Fisi anaimba, watoto wanafuata kwa vitendo. Buenos días, wanapunga mkono. Mochila, wanatundika mikoba. Manos, wananawa, chubwi chubwi. Silla, wanakaa vitini, ndipo wapewe uji. Lakini Fisi aliweka sheria: akikosea mmoja, wote wanaanza upya. Na kila siku alikosea mmoja. Leo mkia umepinda, kesho sikio limelegea. Watoto wakianza upya, Fisi anakunywa uji, fyoo, mpaka sufuria inabaki nyeupe.

Siku moja Digidigi mdogo akaanguka kwa njaa. Pimbi, mfupi kuliko wote, akamwinua. Alikasirika hadi meno yakagongana, ka ka ka. Akaimeza hasira, akamwendea Fisi.

"Shikamoo, Mwalimu. Kesho wazazi wanakuja. Sisi wajinga tutakuaibisha. Waonyeshe wewe mwenyewe, mimi nitaimba."

"Marahaba. Kumbe una akili," alisema Fisi.

Kesho yake wazazi wakajaa uwanjani. Pimbi akaimba. Buenos días, Fisi akapunga. Mochila, akatundika. Harufu ya uji ikamfika puani, akaikimbilia sufuria.

"Hukunawa, Mwalimu. Anza upya."

Akaanza upya. Akanawa, akaikimbilia sufuria.

"Hukukaa, Mwalimu. Anza upya."

Akaanza upya. Akanawa, akakaa, mate yakamdondoka, to, to, to.

"Umelowesha kiti, Mwalimu. Anza upya."

"Sheria gani hiyo?" Fisi alinguruma.

"Yako," watoto wakajibu kwa pamoja.

Mama Digidigi akatazama mbavu za mwanawe, akatazama tumbo la Fisi. Akashika upawa, akawagawia watoto uji wote.

"Endelea, Mwalimu," alisema bila kugeuka. "Bado hujapatia."

Ngano imeishia hapo, hasira yangu bado. Funzo lake, wanangu: mwalimu hakosei kamwe. Anayebisha, aanze upya.