Waya Ndani ya Ukuta wa Mzee Mbwambo

Mshuku ukuta hubomoa nyumba. Mmemsikia mama yenu akimwambia jirani maneno hayo, mkacheka, mkauliza ni nani mwenye akili timamu atakayeushuku ukuta. Yupo aliyeushuku, tena kule kwetu Same. Sikilizeni chanzo chake.

Mzee Eliamani Mbwambo aliijenga nyumba yake kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe, na hakuruhusu mtu apigilie hata msumari. Humo aliishi na mkewe, Nakijwa, aliyepooza upande mmoja akawa wa kulala chumba cha nyuma, na binti yao Namsifu aliyerudi nyumbani kumuuguza. Tangu mkewe aanguke, mzee aliogopa chumba kile. Kila asubuhi alisimama mlangoni, akasalimu, akaondoka.

Siku moja alikwenda Mwanga kumzika kaka yake. Aliporudi baada ya juma moja, aliona ukutani mstari wa lipu mbichi, ukitoka sebuleni kuelekea ndani.

"Nini hiki?" aliuliza.

"Nyufa, baba," Namsifu alijibu upesi mno. "Fundi amezitia viraka."

Nyufa gani zinazokwenda kama zimepigiwa rula?  Binti alipotoka, mzee aliinua kalenda iliyoning'inia hapo, akakuta kidude chenye matundu madogo, na waya unaozama ukutani. Aliwahi kuwa karani wa mahakama, maikrofoni aliijua.

Moyo wake ukaingia giza. Wakati ule ndugu zake walikuwa wakija kuzungumzia shamba la marehemu. Kumbe binti yake wa kumzaa anamtega! Anamsikilizia nani?

Kuanzia siku hiyo alifunga mdomo. Wageni aliwapeleka nje, nyuma ya banda la mbuzi, wakanong'ona huko. Redio aliizima. Chai aliiomba kwa kunyoosha kidole. Namsifu alidhani ni majonzi ya msiba, akamwacha. Lakini akirudisha sahani ya mama yake jikoni ikiwa haijaguswa, mzee alimtazama kwa jicho la pembeni, akijiambia, huyu amejua nimemgundua.

Juma la pili, Namsifu alipokwenda gulioni, mzee alichukua nyundo na tindo. Leo atajua waya unaishia wapi. Alibomoa lipu, akaufuata. Ulipoingia katikati ya matofali, naye akayang'oa, moja baada ya jingine, vumbi likimjaa machoni. Hakuona ufa uliokuwa ukipanda hadi darini. Tofali la mwisho lilidondokea upande wa pili, kando ya kitanda. Waya uliishia kwenye spika ndogo juu ya kigoda, karibu na mto wa mkewe.

"Baba Namsifu," Nakijwa alisema kwa shida, uso umejaa vumbi, "ni wewe unayegonga?"

"Ni mimi. Namtafuta anayenisikiliza."

"Ni mimi."

Nyundo ilimponyoka.

"Nilimwomba Namsifu," aliendelea mkewe. "Miezi minane natazama dari hii. Nilitaka niwasikie mkizungumza, mkicheka. Alijua ungekataa ukuta wako uguswe. Siku ile uliporudi nilikusikia ukikohoa, nikafurahi. Kisha mkanyamaza nyote. Nikasema basi, wameshanizika."

Mzee alipita kwenye lile tundu, akaketi kitandani kwa mara ya kwanza tangu mkewe augue. Namsifu aliporudi alimkuta akimfuta mama yake vumbi kwa kitenge, akimsimulia mazishi ya kaka yake tangu mwanzo, nani alilia, nani alikuja kula tu.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Mwite fundi."

Fundi alipouona ule ufa alitikisa kichwa. Ukuta wa kati haukuponyeka, ilibidi uangushwe wote, paa likaegemezwa kwa nguzo. Kitanda cha Nakijwa kikawa pale pale sebuleni, akala, akabishana na wageni, na mzee hakutaka tena ukuta ujengwe.

Wageni wapya walishangaa nyumba nzuri vile kukosa ukuta wa kati. Walipouliza, Mzee Mbwambo hakumsukumia mtu lawama, wala hakuona haya. Aliwakaribisha viti, akawajibu mwenyewe:

"Mshuku ukuta hubomoa nyumba."